Koti la Jumapili la Ombeni

Nimeona watu wakivuta sigara kwa sababu ya baridi, kwa sababu ya mawazo, kwa sababu ya mapenzi yaliyovunjika. Mwalimu wangu wa hesabu kule Eldoret alivuta kwa sababu ya mke wake. Lakini Ombeni peke yake ndiye niliyemwona akivuta ili asioe.

Sifanyi mzaha. Ombeni ana miaka thelathini na minne, ni Mkongomani, mrefu, ana mabega ya kubeba maboksi, na anaishi na mama yake Black Rock, mtaa wa Buffalo, kwenye nyumba waliyoinunua ikiwa haina dari upande mmoja. Tunafanya kazi pamoja kwenye ghala la vipuri vya friji huko Lackawanna, yeye upande wa kupakia, mimi ofisini na karatasi za mizigo. Tulijuana kwenye benchi la wavutaji. Mwanzoni benchi hilo lilikuwa kando ya mlango. Ikaja amri, likasogezwa hadi mwisho wa ukuta. Ikaja amri nyingine, likapelekwa ng'ambo ya maegesho ya magari. Mwishowe likaondolewa kabisa, tukaambiwa anayetaka kuvuta atoke nje ya uzio. Tukawa tunasimama kwenye theluji kando ya barabara, tukiyaangalia malori yakitupita.

"Bananisukuma pole pole," Ombeni akasema siku ya kwanza ya uzio. "Donc mwaka kesho tutavutia Canada."

Canada iko hapo tu, ng'ambo ya mto. Nilicheka hadi nikapaliwa na moshi, na urafiki wetu ulianzia hapo.

Mimi ni Jemutai. Nilikuja kusoma chuo kikuu kilichoko Amherst, pembeni ya Buffalo, nikamaliza, nikabaki. Naishi na Goreth, ambaye kwa watu wa nyumbani ni "rafiki tunayegawana kodi ya nyumba." Siku moja Ombeni alitukuta dukani tukigombana kuhusu aina ya mchele wa kununua, akatuangalia kidogo, akatabasamu. Kesho yake, pale nje ya uzio, aliniambia ana mtu wake, anaitwa Bagula, mwanamume mwenzake, dereva wa basi la shule. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja saa. Mimi ndiye niliyetaka kulia, kwa kuwa miaka yote niliyokaa hapa sikuwahi kusikia mtu akinitajia jambo hilo kwa Kiswahili bila kunihubiria.

Basi kuanzia hapo alinisimulia maisha yake kwa vipande, sigara moja kipande kimoja.

Alifika Marekani na mama yake mwaka 2014, wakitokea kambi ya wakimbizi, wakapelekwa Louisville. Alipata kazi kwenye ghala, akagundua kuwa wavutaji walipewa dakika za kutoka nje na wasiovuta hawakupewa kitu. Akajifunza kuvuta. Alichagua zile za mentholi, zenye ubaridi wa mnanaa kooni, kwa sababu hazikumkwaruza. Pia aliigundua baa moja ambako wanaume walicheza na wanaume na hakuna aliyegeuza shingo. Lakini sheria ya mji haikuruhusu sigara ndani, kwa hiyo mwenye kutaka kuvuta alitoka kusimama kando ya barabara, chini ya bendera yenye rangi zote, kila mpita njia akimwona na kujua ametoka wapi. Siku moja gari lilipunguza mwendo, likamrushia kikombe kizima cha soda na barafu, pamoja na neno ambalo Ombeni hakulirudia hata kwangu.

Alirudi nyumbani shati likinata sukari. Mama yake alikuwa macho.

"Umetoka wapi? Na ii ni nini?"

Ombeni hakuwa amejiandaa. Akasema kitu cha kwanza kilichomjia. "Mama, unisamehe. Minavutaka tumbako. Batu ya huku banachukia bavutaji."

Ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote. Mama Ombeni alilia siku tatu, akalifua shati, akalianika, kisha akapeleka habari kwa mke wa mchungaji. Hapo ndipo Ombeni alipopata bahati ambayo hakuiomba. Mke wa mchungaji alikuwa na mpwa wa kuolewa, na mazungumzo yalikwisha kuanza. Waliposikia kijana anavuta, mazungumzo yakapoa yenyewe kama chai iliyosahauliwa mezani.

Kwa watu wake, kijana mzima mwenye kazi hawezi kukataa mke bure. Akikataa bila sababu, watu watamtafutia sababu, na wakiitafuta wataipata. Sasa yeye alikuwa nayo, inaonekana, inanuka, na kila mtu anaielewa. Wakahamia Columbus kwa binamu, ambako kanisa lilikuwa kubwa zaidi na mabinti wengi zaidi, na sigara ikamlinda huko pia, miaka mitano mizima. Mwanzoni mwa 2024 mji wa Columbus ukakataza maduka yake kuuza tumbaku yenye ladha, mentholi ikiwemo. Alipaswa kuendesha gari hadi vitongoji vya nje ili apate pakiti. Aliichukulia kama uonevu dhidi yake binafsi.

"Wale ba-conseiller ya mji," aliniambia, yaani madiwani, "banataka kuniowesha."

Mwaka huohuo wakahamia Buffalo kwa ajili ya ile nyumba isiyo na dari, na huku akakutana na kodi ya sigara ya jimbo la New York, ambayo kila mvutaji anaijua kama anavyojua jina lake.

Hapo tulikuwa tukigombana kila siku. Mimi nazipenda sheria za sigara, nasema bila aibu. Nilikuwa mtu wa pakiti kwa siku. Bei ya hapa na kutembezwa kwenye baridi vimenishusha hadi sigara nne, na Serikali imenisaidia kuliko wachungaji wawili walioniwekea mikono. Ombeni hakutaka kusikia. Kwake kila kodi mpya na kila katazo jipya ulikuwa ni mchango wa harusi yake. "Bon, gavana ameshachanga," alikuwa akisema, akihesabu kwa vidole. "Mwenye ghala ameshachanga. Nani anabakia?"

Juni tulienda wote wanne kwenye gwaride letu, lile la watu wa bendera ya rangi zote. Kulikuwa na kijana akigawa viberiti vya gesi vilivyochorwa upinde wa mvua, zawadi kutoka kwa wauza sigara. Hatua ishirini mbele kulikuwa na hema la watu wa afya, na bango kubwa la wanaume wawili wamekumbatiana, likisema mapenzi yao yanahitaji mapafu. Wenzetu kwenye foleni ya maji walikuwa wakibishana. Mmoja alisema bango lile linawatukana, kwani kila tangazo la ugonjwa lazima liwe na sura zao. Mwingine akasema afadhali, miaka yote tulikuwa tukifa bila hata kupewa bango. Bibi mmoja mwenye nywele za zambarau alisema hana neno na sheria yoyote, ila wangeweka walau paa mahali wanapotufukuzia.

Ombeni alisimama katikati, kiberiti mkononi, akilitazama bango.

"Ona, dada," akaniambia. "Kampuni ya sigara inanijua. Serikali inanijua. Ni mama tu ndiye hanijue."

Bagula akamshika begani. Mimi nikaenda kununua mahindi ya kuchoma.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya Bagula, ambaye ana pumu. Baridi ya mwaka jana alilala hospitali siku mbili, na alipotoka alimwambia Ombeni maneno machache. "Mama yako ntamungojea hata miaka kumi. Lakini pumuzi siwezi ingojea." Ombeni alitoka pale akaja moja kwa moja kwangu kuniuliza namba ya simu ya jimbo, ile ya kusaidia watu kuacha. Wakamtumia plasta za nikotini kwa posta, za kubandika mkononi. Ziliandikiwa anwani ya Amherst, kwangu.

Aliacha. Nilikasirika, nakiri, kwa sababu yeye aliyekuwa akizitukana sheria aliacha katika wiki mbili, na mimi mpenzi wa sheria bado niko na nne zangu.

Lakini juma lilelile Columbus wakapiga simu. Kulikuwa na familia yenye binti, Joselyne, mwimbaji wa kwaya, na wazazi wake walikuwa wanamkumbuka Ombeni. Walikuwa na sharti moja tu. Akiacha tumbaku, waje wazungumze. Mama Kornelia, mwenyekiti wa kamati ya wamama hapa Buffalo, alilipokea jambo hilo kwa mikono miwili, na kila Jumapili alimuuliza Mama Ombeni kijana amefikia wapi.

"Ataacha lini?"

"Huyu? Anavuta kama moto ya majani mabichi," Mama Ombeni alikuwa akijibu, mbele za watu, kwa uchungu. Ombeni aliponisimulia hili aliinamisha kichwa. Wageni wa kamati walipokuja nyumbani, alisema, mama yake aliweka sahani ya majivu katikati ya meza ya sebuleni, ingawa yeye hajawahi kuvuta ndani ya nyumba hata siku moja. Aliamini mama anamwaibisha ili aache.

"Basi mwambie ukweli," nikasema.

"Dada Jemu, mama aiko na mutu hapa. Iko na miye na lile kanisa. Minamwambia, anachagua nani? Akichagua kanisa, nimempoteza. Akinichagua miye, bale bamama batamutoa, atakaa na nani?"

Kwa hiyo Ombeni akaanza kazi mbili kwa mpigo, kuacha sigara na kuonekana anavuta. Jioni alisimama kwenye ngazi za nyuma, mbele ya dirisha la jikoni, na sigara isiyowashwa mdomoni, akipuliza mvuke wa baridi. Harufu ndiyo ilikuwa shida. Mtu hawezi kubuni harufu. Siku ya Jumapili ya kwanza alinipigia simu asubuhi, akaniuliza kwa adabu zote kama ningeweza kumvutia sigara moja juu ya koti lake.

Nilisoma sekondari Mombasa, nimeona watu wakifukiza nguo kwa udi. Sikujua siku moja nitafukiza koti la mwanamume kwa tumbaku, nyuma ya kanisa, kwenye maegesho. Tulilitundika koti kwenye mlango wa gari langu. Nilivuta nikapuliza kwenye kola, nikapuliza ndani ya mikono, nikapuliza mifukoni. Ombeni alikuwa akisimama mbali, amejiziba pua, maana harufu ilimtia hamu.

"Kwapani pia," alikuwa akiniamuru.

Goreth alinitazama kutoka kiti cha mbele. "Na wewe ndiye unayejidai unaacha?"

"Hii sivuti mimi," nikamjibu. "Hii ni ya kazi."

Tulifanya hivyo Jumapili tano. Baada ya kufukiza niliingia kanisani naye, kwa kuwa pale baada ya ibada hupikwa sombe, mboga ya majani ya muhogo, ambayo siwezi kuipata popote Amherst, nikakaa safu ya nyuma kama mgeni mwema.

Jumapili ya sita, baada ya kufukiza, kulikuwa na viti vya kupanga. Ombeni alivua koti, akalitundika kwenye kiti cha mama yake, akakunja mikono ya shati hadi juu. Akasahau. Niliiona ile plasta ya mraba juu ya kiwiko kutoka safu ya nyuma, nikainuka, lakini Mama Kornelia alikuwa karibu zaidi. Mume wake aliacha kwa plasta zizo hizo. Aliitambua palepale, akapiga kigelegele kilichowasimamisha wapiga gitaa.

"Ameacha! Ombeni ameacha! Bwana asifiwe!"

Kanisa zima likalipuka. Kwa desturi yao, aliyefunguliwa na jambo hupelekwa mbele saa ileile kutoa ushuhuda, na Ombeni akasukumwa mbele na mikono kumi, akapewa maikrofoni. Mama Kornelia akachukua ya pili. Akatangaza kwamba sasa hakuna kizuizi, kwamba kamati itaondoka kwenda Columbus Jumamosi ijayo, kwamba Joselyne ni binti wa maombi. Watu wakapiga makofi. Ombeni alishika maikrofoni kwa mikono miwili. Nilimwona akifungua mdomo. Nilijua mambo mawili tu yangeweza kutoka pale, harusi au ukweli, na hakuna kati ya hayo aliloweza kulibeba mbele ya watu wale.

Ndipo Mama Ombeni akasimama. Ni mwanamke mfupi, haongei kanisani ila kwa kuimba. Alitembea hadi mbele akiwa amelibeba lile koti, akamnyang'anya Mama Kornelia maikrofoni bila haraka.

"Ile ni plasta ya bega," akasema. "Mutoto anabeba ma-carton mazito. Daktari alimupa ju ya maumivu. Tumbako hajaacha. Leo asubui amevuta."

Wapiga gitaa wakashusha gitaa zao.

"Mama Ombeni," Mama Kornelia akasema kwa upole, "ile plasta miye minaijua."

"Nusa koti."

Akamsogezea. Mama Kornelia akainama, akanusa kola. Akanusa mkono wa koti. Kwapani hakunusa, lakini angenusa pia angeikuta, kazi yangu naijua. Akarudi nyuma akishika kifua.

"Yesu wangu," akasema. "Ni ya leo kabisa."

Kanisa likaguna kwa huzuni. Mchungaji akamwombea Ombeni afunguliwe, akamwombea na bega. Safari ya Columbus ikaahirishwa. Mimi nyuma kule niliuma kitambaa changu cha kichwa, na sikujua kama nacheka au nalia.

Sombe hatukula siku hiyo. Tulitoka hadi kwenye gari, Ombeni, mama yake na mimi, tukasimama hapo hapo tulipozoea kulifukiza koti. Mama Ombeni alikuwa bado amelikumbatia. Alitazama kushoto na kulia, kisha akamgeukia mwanawe.

"Sasa tutabaambia nini," akauliza, "siku plasta itaisha?"

Ombeni alimwangalia. "Mama. Ulijua ni plasta ya nini?"

"Ombe, miye ni nani yako? Karatasi yake uliitupa ndani ya taka ya jikoni. Na kila jioni unasimama kwa ngazi na sigara haina moto. Unazania sina macho?"

"Na... kwa nini umesema vile?"

Mama yake alikung'uta koti, akalikunja, akalikunjua tena.

"Nilijua tangu Louisville," akasema. "Ulirudia na soda kwa shati, na barafu ndani ya kola. Nililifua miye. Batu ya huku banachukia tumbako, ni kweli. Banasogea, banakohoa, banakuangalia mubaya. Lakini nani anamumwagia mwenzake soda ju ya sigara? Nililia siku tatu. Unafikiri nililia tumbako?"

Ombeni akafunika uso kwa kiganja.

"Kiisha nikaona mke wa mchungaji anakuja na mpwa wake," mama akaendelea, "nikamwambia unavuta. Nikaona amenyamaza. Bon, nikasema, basi hii ndiyo dawa. Columbus nikabaambia miye. Hapa nikabaambia miye. Sahani ya majivu, ni nani aliweka? Usiku minaomba uache, mchana minasema unavuta. Mungu mwenyewe amechoka na miye."

Nilitaka kuondoka niwaache, lakini walikuwa wameegemea mlango wa gari langu. Ombeni alikuwa analia waziwazi sasa, mwanamume mzima na mabega yake, na mama yake alikuwa akimpiga mgongoni kama anayemtoa mtoto gesi.

"Papa, mutoto yangu, nyamaza. Na ule Bagula anakupigiaka simu kila usiku, yeye anavuta?"

"Hapana, mama. Iko na pumu. Ni ju yake nimeacha."

"Pumu!" Akaliangalia koti mikononi mwake, kisha akanigeukia mimi kwa mara ya kwanza, na jicho lake halikuwa na huruma. "Na we Mukenya, minakuonaka kwa dirisha ya kanisa, unamutilia moshi mwilini kila Jumapili?"

"Mama, aliniomba mwenyewe," nikasema, nikajisikia mtoto wa darasa la pili.

Aliondoka na koti.

Juma hilo sikupata usingizi mzuri. Nilifikiri atatafuta uongo mwingine, labda atasema kijana anakunywa pombe, na mimi nitaitwa kumwagia koti bia. Jumapili nilifika mapema kwenye maegesho, nikawa tayari na sigara yangu, ya tatu kati ya tatu za siku, maana nimeshuka. Wakaja kwa miguu, na hawakuwa wawili. Bagula alikuwa pamoja nao, amevaa tai, anaonekana kama mtu anayekwenda kwenye usaili wa kazi.

Nikanyoosha mkono kulipokea koti. Mama Ombeni akanipa tu nilinuse. Lilinuka sabuni, sabuni tupu, hata kwapani. Alikuwa amelifua kwa mikono mara tatu.

"Weka sigara yako ndani ya mufuko," akaniambia. "Leo ataingia hivi."

"Na wakiuliza, Mama?"

Akamvalisha mwanawe koti, akamfungia vifungo kimoja kimoja hadi cha juu, ingawa hakuna anayefunga cha juu.

"Bataniuliza miye," akasema, akatangulia mlangoni.